Je, Kalamu Nayo ni Jembe?

Kila anayesema Kiswahili anaijua methali hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisoma kama fundisho kwa mwenye nyumba. Mkaribishe mgeni, mpe chakula na mahali pa kulala, lakini siku ya tatu aingie shambani kama wengine. Hapa Kakuma methali hii inachekesha na kuumiza kwa wakati mmoja. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992. Kuna watu waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoana hapa, na watoto wao sasa wako gredi ya nne, lakini kwa makaratasi bado ni wageni wa siku mbili. Jembe halijaletwa.

Mimi nataka kuisoma methali hiyo kutoka upande wa mgeni. Siku ya tatu ikifika kweli na jembe likaletwa, je, mgeni ana haki ya kusema, "Asante sana, lakini mimi ningependa kazi nyingine"? Na kama kazi anayoipenda ni kuandika, je, kalamu nayo ni jembe, au ni njia ya heshima ya kukwepa shamba?

Siulizi kwa kujifurahisha. Mimi ni mfanyakazi wa vijana katika kituo kimoja hapa kambini, kazi ya insentivu, mwaka wa nne sasa. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Desemba. Nimepewa fomu ya kuurefusha na iko ndani ya begi langu, haijasainiwa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiandika usiku, watu wakishalala na joto likipungua kidogo. Baadhi ya niliyoandika mmeyasoma katika jarida hili. Sasa nafikiria kuacha kituo, uandishi uwe ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo swali langu ni hili, na naomba tulifikirie pamoja: ni haki kuacha kazi inayosaidia watu waziwazi, ukashika kazi ambayo faida yake hakuna anayeweza kuihesabu?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno "kubadilisha kazi". Mtu wa Nairobi akisema anabadilisha kazi, anamaanisha alikaa chini, akapiga hesabu, akaandika barua ya kuacha. Ni mpango wake. Kwetu sisi, kubadilisha kazi ni jambo lililotupata. Jirani yangu mmoja alikuwa muuguzi kule Kivu Kusini kwa miaka kumi na moja. Hapa anauza mandazi. Mzee wa bloku ya pili alifundisha kemia. Leo ana mkokoteni, anabebea watu mizigo. Wakulima waliotoka Fizi, watu wa mihogo na maharage, wamefika mahali ambapo mto wenyewe, Tarach, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Hakuna aliyewauliza hao kama wanataka kubadilisha kazi.

Sheria nayo ina sehemu yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Wakimbizi mwaka 2021, na inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi. Kuna hata kibali cha kazi kwa ajili yetu, kinaitwa Daraja M. Lakini si unajua safari ya kukipata. Mtu anaweza kuwa na cheti cha uuguzi, akawa na mikono inayojua kazi, akazeeka akikanda unga. Ndiyo maana wengi wetu tunafanya kazi za insentivu: unafanya kazi ya mwalimu au ya mkalimani, lakini unachopokea kinaitwa motisha, hakiitwi mshahara. Hata jina la malipo linakukumbusha kwamba wewe bado ni mgeni.

Lakini kuna jambo nimelichunguza kwa yule jirani yangu. Pamoja na mandazi yake, bloku nzima inamwita daktari. Mtoto akipata homa usiku, wanamgongea yeye kwanza, ndipo watafute boda ya kwenda hospitali. Amebadilisha anachouza. Hajabadilisha kile ambacho majirani wanamtegemea kwacho. Kumbe kazi ina sehemu mbili: ile inayokulisha, na ile ambayo watu wanakujulia. Vita vinaweza kukunyang'anya ya kwanza kwa siku moja. Ya pili ni ngumu kunyang'anywa, maana haikai kwenye cheti, inakaa kwa watu.

Basi kuna kuhama na kuna kuhamishwa. Aliyehamishwa hana la kulaumiwa wala la kusifiwa. Ni yule anayehama kwa hiari tu ndiye anayeweza kuulizwa kama amefanya vizuri au vibaya. Na hapa kambini, mtu mwenye nafasi ya kuchagua kazi ana utajiri ambao majirani zake hawana. Mimi kwa sasa ninao utajiri huo kidogo. Kwa hiyo siwezi kuutumia kama mtoto aliyeokota shilingi mia njiani.

Sasa nisikilize upande unaonipinga, tena niusikilize ukiwa na nguvu zake zote, maana ni rahisi kumshinda mpinzani uliyemfunga mikono.

Upande huo unasema hivi. Asubuhi vijana wanakuja kituoni. Wengine wanataka mpira, wengine wanataka kompyuta, wengine hawataki chochote, wanataka tu kivuli na mtu wa kuongea naye. Mwaka juzi msichana mmoja alikuja kuniambia anaacha shule. Tuliongea wiki tatu, mimi naye, halafu na mama yake, halafu na mwalimu wake. Alirudi, akafanya mtihani. Hiyo ni kazi unayoweza kuishika kwa mkono. Sasa linganisha na insha. Insha imemrudisha nani shuleni? Insha imepika chungu cha nani? Mgao wa chakula umekatwa mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha kuuliza kama utakatwa, wanauliza tu umekatwa kiasi gani. Nyumbani kwetu tuko sita, na ile motisha yangu ndiyo inayonunua unga wakati msaada wa chakula umekwisha kabla mwezi haujaisha. Wadogo zangu wawili wako sekondari. Katika hali hiyo, mtu anayeacha kazi ili aandike, si anawaambia watu wake kwamba wao wafunge ili yeye ashibe roho?

Hoja hii ni nzito na sitaki kuipunguza uzito. Kuna waandishi wanaojibu kwa kusema kwamba binadamu hawezi kuishi bila fasihi. Samahani, lakini si kweli. Binadamu hawezi kuishi bila chakula. Bila fasihi anaishi, na kambi hii ina maelfu ya watu ambao hawajawahi kumaliza kitabu na ni watu wazuri kuliko mimi. Anayetetea kalamu kwa kuikuza kupita kiasi anaifanya ichekwe. Lazima tutafute jibu dogo zaidi ambalo ni la kweli.

Wengine wananipa mifano ya waandishi wakubwa. Tuiangalie.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, ambaye wengi wetu tulimsoma shuleni, hakuishi kwa kalamu. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na baadaye akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali. Mashairi na riwaya aliziandika akiwa mtu wa ofisi, mtu wa mafaili. Na huyohuyo aliyekaa ofisini miaka mingi ndiye aliyeandika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo chake, kuhusu mtu anayeacha kazi ya ofisi yenye mshahara mzuri mjini akaenda kulima. Nimefikiri sana kuhusu hilo. Mwandishi alimpa mhusika wake uhuru ambao yeye mwenyewe hakuuchukua. Au labda hakuuhitaji, maana shamba lake lilikuwa karatasi.

Halafu kuna waandishi wa gerezani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa kati ya mwaka 1969 na 1972, na mashairi aliyoyaandika humo yakatoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o alizuiliwa Kamĩtĩ mwaka 1978, akaandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Behrouz Boochani, Mkurdi kutoka Iran aliyekimbilia Australia, alizuiliwa miaka mingi katika kisiwa cha Manus huko Papua Guinea Mpya. Kitabu chake kilitoka mwaka 2018, na alikiandika kwa ujumbe wa simu, kipande baada ya kipande, akimtumia mfasiri wake. Mwaka uliofuata kilipata tuzo kubwa huko Australia na yeye bado yuko kisiwani.

Mifano hii inanipa nguvu, sikatai. Nami nina simu na nina usiku. Lakini lazima tuwe waangalifu tunaitumia kuthibitisha nini. Inathibitisha kwamba kuandika kunawezekana mahali penye dhiki. Haithibitishi kwamba dhiki ni nzuri kwa mwandishi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyechagua gereza. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja kwenye warsha akiwaambia vijana wetu kwamba wana bahati, kwa sababu wana hadithi. Vijana walitabasamu kwa adabu. Hadithi tunazo, ndiyo. Tungefurahi pia kuwa na maji. Vilevile mfano wa karani wa forodha haunilazimishi kubaki kituoni, maana yeye alikuwa na mshahara na saa za kutoka kazini. Kazi ya vijana haina saa ya kutoka. Kijana mwenye shida hajui kwamba leo ni Jumapili. Kwa hiyo mifano ya wakubwa inatusindikiza mpaka mlangoni tu. Kuingia ni juu yetu.

Basi tuulize moja kwa moja: kuandika kunafanya nini ambacho kazi nyingine haifanyi?

Hapa kambini kuandikwa tunaandikwa sana. Kuna fomu, kuna dodoso, kuna tathmini, kuna ripoti ya mwezi na ya robo mwaka. Mimi mwenyewe ni mwandishi wa hizo. Ni sehemu ya kazi yangu. Kuna aina moja inaitwa hadithi ya mafanikio. Mpangilio wake naujua hata nikiwa usingizini: jina na umri, alikuwa na shida gani, mradi ulimsaidiaje, sasa anajisikiaje, halafu picha anacheka. Si uongo. Kila neno ndani yake linaweza kuwa kweli. Lakini mtu akitoka humo anatoka mwembamba, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi mpaka ua limefutika.

Nitatoa mfano. Kuna kijana anakuja mpira kila siku saa sita mchana, wakati jua liko kichwani na hata mbuzi wamejificha. Katika ripoti niliandika kwamba kupitia michezo amepata matumaini na nidhamu. Ni kweli, amepata. Lakini siku moja nilimuuliza mbona asije jioni kama wenzake kukiwa na ubaridi. Akanijibu, "Saa sita ndiyo saa ya kula. Nikiwa hapa, mama hanioni, na haoni aibu." Hilo jibu halikuwa na safu yake kwenye fomu. Nilitafuta pa kuliweka nikakosa. Si tatizo la lishe peke yake, si tatizo la michezo, si la saikolojia. Ni mtoto anayemlinda mama yake kwa kukaa juani.

Kazi ya kalamu, kwa maoni yangu, iko hapo: kubeba yale ambayo hayana safu. Ndilo jibu dogo niliokuwa nalitafuta. Fasihi haipiki chungu. Lakini inafanya yule anayegawa chakula, na yule anayekipokea, na yule anayesoma akiwa mbali, wasisahau kwamba nyuma ya kila namba kuna mtu anayefikiri, anayependa, anayeona aibu. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, msione nawasema vibaya. Ripoti ina kazi yake. Ripoti ndiyo iliyoleta ule mpira. Lakini ripoti inamweleza mtu kwa ajili ya uamuzi wa wengine. Insha nzuri inamweleza mtu ili naye akiisoma aseme, "Ndiyo, huyo ni mimi." Tunahitaji zote mbili, na kwa sasa moja tunayo nyingi kuliko nyingine.

Hapa ndipo linapokuja jambo linaloninyima usingizi zaidi kuliko unga.

Yule kijana alinijibu vile kwa sababu mimi ni mfanyakazi wa vijana. Hakuwa anaongea na mwandishi. Miaka minne nimekaa kwenye lile benchi chini ya bati na nimeambiwa mambo mengi: ya nyumbani, ya njiani walipokimbia, ya usiku. Nimeyapokea kama mtu wa kituo. Nikivua fulana ya kituo na kushika kalamu, yale mambo ni ya nani? Je, ninaweza kuyabeba kwenda nayo kwenye kazi mpya kama fundi anavyobeba nyundo yake?

Huku kwetu Kongo ukinunua nyanya sokoni, muuzaji anakuongezea moja au mbili juu. Tunaita matabishi. Nilijiuliza kama hadithi za watu ni matabishi yangu, kitu nilichoongezewa juu ya motisha. Jibu langu ni hapana. Matabishi anayetoa ni mwenye mali, kwa hiari, akiona unachukua. Siri haikutolewa hivyo. Iliwekwa kwangu kama mtu anavyoweka akiba kwa jirani anayemwamini. Jirani akihama bloku hahami na akiba ya watu.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria, na naiandika hapa ili mnishike nayo. Niliyoambiwa kwa sababu ya kazi yangu, sitayaandika, hata nikibadilisha majina, hata yakiwa mazuri kiasi gani kwa insha. Isipokuwa nimerudi kwa mwenyewe, nikamwambia wazi nataka kuandika nini na nani atasoma, nikamsomea kwa lugha anayoielewa vizuri, na yeye akawa na haki ya kufuta. Yule kijana wa mpira nilimfanyia hivyo. Sasa ameshafikisha miaka kumi na minane. Alicheka, akasema niache jina, na akanifanya nifute sentensi mbili ambazo ninyi hamtazijua. Kwa kweli zilikuwa sentensi nilizozipenda kuliko zote. Insha imekuwa fupi zaidi, na iko sawa.

Hili limenifundisha kwamba swali langu la mwanzo lilikaa vibaya. Niliuliza kama ni haki kuacha kazi yenye faida kwa kazi isiyo na faida. Nilifikiri kama mtu anayepima viazi viwili kwenye mzani. Lakini kazi si kiazi. Kila kazi ni madeni: kuna watu unaowadai na kuna watu wanaokudai. Mtu akibadilisha kazi madeni yake hayafutwi, yanamfuata. Swali sahihi ni hili: nikienda, nani atabaki ananidai, na nitamlipaje?

Nikiuliza hivyo, naona wadai watatu.

Wa kwanza ni vijana wa kituo. Wenzangu wengine wananiambia, "Usijali, nafasi yako itajazwa, watu wanaoitafuta wamejaa." Ni kweli. Hapa kambini kiti cha insentivu si mali ya mtu. Ukikaa juu yake miaka mingi, kuna mwingine anasubiri nje juani. Kujiona kwamba bila mimi kituo kitakufa ni kiburi tu. Lakini naiogopa hoja hiyo kwa sababu inanifaa sana. Hoja inayokufaa, ipime mara mbili. Nimeipima hivi: kama mwenzangu ndiye angeondoka kwa hoja hiyohiyo, ningemuona mwema? Ningemuona mwema kama angeondoka polepole. Yaani asiache vijana wafike Jumatatu wakute uso mpya bila habari. Amfundishe anayekuja, amtambulishe kwa vijana, na wale wenye mambo mazito awaulize kwanza kama wako tayari kuongea na mtu mwingine. Hilo ninaweza kulifanya. Zimebaki wiki kumi, na dada mmoja anayejitolea kituoni tayari anakaa nami kwenye benchi kila asubuhi. Yeye anasema Kirundi na Kisomali, mimi sijui. Kuna wasichana wameanza kumfuata yeye na kuniacha mimi, na hiyo ni dalili nzuri.

Wa pili ni watu wa nyumbani. Huyu hawezi kulipwa kwa maneno. Nilikaa na mama nikamwambia ninachofikiria. Alinyamaza, akaendelea kuchambua lengalenga, halafu akauliza, "Njo kazi gani hiyo? Utakula nini?" Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba asubuhi nitakuwa na meza na kiti karibu na kibanda cha kuchaji simu cha rafiki yangu, kwa sababu umeme upo na watu wapo. Nitaandika barua za watu: barua ya kuomba nafasi ya shule, ya kuomba kazi, ya malalamiko, maelezo ya mtu kuhusu maisha yake, tafsiri kutoka Kiswahili chetu kwenda Kiingereza na kurudi. Kila ukurasa na bei yake ndogo. Nimeshafanya majaribio Jumamosi mbili mfululizo. Pesa ni kidogo kuliko motisha, lakini si sifuri, na tumekubaliana na mdogo wangu wa kiume kwamba atashika kibanda jioni baada ya shule. Mchana na usiku ni wa maandishi yangu.

Mama alisikiliza yote. Akasema, "Basi ya kwanza niandikie mimi." Alitaka barua kwa dada yake aliyebaki Uvira. Hawajaandikiana tangu tulipotoka, wanapigiana simu tu, na simu hukatika, na kuna mambo ambayo mtu hayasemi kwenye simu watoto wakiwa wanasikia. Aliniambia maneno, nikaandika, nikamsomea. Alinisahihisha mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimepamba sentensi. Akasema, "Hapana. Mimi sikusema hivyo." Katika shule zote nilizopita, hakuna aliyenifundisha uandishi kama hapo.

Hapo pia nilielewa kwamba kazi ya kuandika haikuanza na vitabu. Zamani sokoni kulikuwa na mwandishi wa barua, amekaa na meza yake, na watu waliompa maneno yao walimlipa kama wanavyomlipa mshona viatu. Huyo alikuwa na jembe mkononi, na shamba lilikuwa la watu. Aliyekuja na mambo yake yaliyojaa kifuani aliondoka ameyakunja kwenye bahasha.

Mdai wa tatu ni wale watakaoandikwa. Deni lao nimeshaeleza. Nitalilipa kwa kuuliza, kusoma na kufuta.

Je, baada ya hesabu hii yote, nimethibitisha kwamba ni haki? Sidhani kama jambo la namna hii linathibitishwa kama hesabu ya darasani. Inawezekana mwezi wa nne mgao ukapungua tena na mimi nikarudi kuomba kiti kwenye kituo chochote kitakachonipokea. Nikirudi, sitaona aibu, kwa sababu nimeshaona kwamba anayekulisha si lazima awe ndiye anayekupa jina. Jirani yangu wa mandazi ananikumbusha kila asubuhi. Na inawezekana kuna msichana atakuja kituoni mwezi wa pili, akinitafuta mimi hasa, na asinikute. Hilo siwezi kulifuta kwa hoja yoyote. Nalibeba.

Lakini naweza kusema hili kwa vijana wanaoniuliza kama nao waache walichonacho wafuate wanachopenda. Msidanganywe na wanaosema "fuata moyo wako" kana kwamba moyo haujazungukwa na watu. Msidanganywe pia na wanaosema mkimbizi hana haki ya kupenda kazi, ashukuru tu apate yoyote. Mgeni aliyekaa miaka thelathini ana haki ya kuuliza jembe liko wapi, na likiletwa ana haki ya kuuliza kama liko moja tu. Kabla ya kuchagua, taja kwa majina watu unaowadaiwa. Ukishindwa kuwataja, bado hujawa tayari kuondoka. Ukiwataja na ukajua utawalipaje, basi nenda, na usiende usiku kama mwizi.

Na kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika naomba jambo moja tu. Mnapoandaa fomu mpya, acheni nafasi chini, mistari mitano au sita isiyo na swali. Wengi wataiacha wazi. Lakini mmoja katika kumi ataandika pale kitu ambacho hamkujua kuuliza.

Fomu yangu mimi bado iko kwenye begi. Kesho asubuhi naipeleka ofisini, haijasainiwa, pamoja na barua ya kurasa mbili inayoeleza yote haya kwa adabu. Nimeiandika mwenyewe, mama ameisikiliza, amefuta mstari mmoja.